Usalama wa taifa upimwe kwa mwalimu wa Mandera

Kila mara mjadala wa sera yetu ya kigeni unapopamba moto, wasemaji wake huwa ni wale wale: mabalozi wastaafu, majenerali wastaafu, na wanasiasa ambao hawajastaafu wala hawana nia ya kustaafu. Hutueleza habari za hadhi ya Kenya machoni pa mataifa, wajibu wetu katika Umoja wa Afrika, na viti tulivyoshinda au kukosa huko New York na Addis Ababa. Si mambo ya kupuuzwa hayo. Lakini ni nadra sana kumsikia mmoja wao akiitaja shule ya msingi ya Kamuthe.

Kamuthe iko katika Kaunti ya Garissa. Mnamo Januari 13, 2020, wapiganaji wa Al-Shabaab waliivamia na kuwaua walimu watatu. Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa walimu kumwaga damu katika eneo hilo. Novemba 22, 2014, basi lililokuwa likitoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa alfajiri, abiria wakatenganishwa kwa misingi ya dini, na watu 28 wakauawa kwa risasi. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakirejea makwao kwa likizo ya Krismasi. Baada ya mauaji hayo, mamia ya walimu wasio wenyeji walikataa kurudi kaskazini mashariki. Baada ya Kamuthe, Tume ya Kuwaajiri Walimu yenyewe ndiyo iliyowahamisha wasio wenyeji kutoka sehemu nyingi za Garissa, Wajir na Mandera, huku wazazi na viongozi wa huko wakilalamika kwamba watoto wao wanaadhibiwa kwa kosa lisilo lao.

Simlaumu mwalimu aliyefungasha virago. Mtu aliyeajiriwa kufundisha hisabati hakula kiapo cha kufa vitani, na anayemwita mwoga na alale kwanza wiki moja huko Lafey au Elwak ndipo aseme. Wala hatuna haki ya kumtilia shaka mwenyeji. Desemba 2015, basi jingine liliposimamishwa karibu na Elwak, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Mmoja wao, Salah Farah, naibu mwalimu mkuu huko Mandera, alipigwa risasi, na baada ya wiki chache akafa hospitalini. Ninachouliza ni hiki: dola iliyofikia hatua ya kuwaondoa walimu wake katika sehemu ya ardhi yake yenyewe, je, huko ililokuwa ikilinda ni nini?

Ili kulijibu swali hilo yatubidi turudi nyuma hadi Oktoba 2011. Watalii walikuwa wametekwa nyara katika visiwa vya Lamu, na wafanyakazi wawili wa shirika la misaada wakatekwa Dadaab. Mawaziri wa wakati huo, marehemu George Saitoti na marehemu Yusuf Haji, wakatangaza kwamba Kenya ingewaandama maadui hao hadi ndani ya Somalia, kwa hoja ya haki ya kujilinda iliyomo katika Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Operesheni hiyo ikapewa jina la Linda Nchi. Tangu uhuru, jeshi letu lilikuwa limetumwa ng'ambo kulinda amani, lakini kuvuka mpaka kwenda kupigana katika nchi ya jirani lilikuwa jambo geni kabisa. Wabunge walikuja kuombwa ridhaa baadaye, vifaru vikiwa vimekwisha kukwama katika matope ya mvua za vuli.

Mwaka 2012 vikosi vyetu viliingizwa katika jeshi la Umoja wa Afrika, AMISOM. Jeshi hilo likageuka kuwa ATMIS mwaka 2022, na AUSSOM mwaka 2025. Majina yamebadilika mara mbili. Askari wa Kenya bado wako kule. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule wa Oktoba amekwisha kufika sekondari, na katika maisha yake yote hajapata kuishi katika nchi isiyo na jeshi vitani. Lakini mwulize mwalimu wake wa historia vita hivyo vitakwisha lini, au vitakwisha kwa dalili gani, naye atakosa la kusema, kwa kuwa hakuna serikali, kati ya tatu zilizopita mikononi mwa vita hivyo, iliyowahi kutamka jambo hilo kinaganaga.

Nikiri hapa kwamba wanaoitetea operesheni ile wana hoja, tena hoja nzito. Mji wa Kismayu ulipotwaliwa mwaka 2012, Al-Shabaab walipoteza bandari iliyokuwa ikiwaletea mapato makubwa, hasa ya makaa. Na baada ya shambulio la DusitD2 la Januari 2019, lililoua watu 21, jiji la Nairobi halikuona tena maafa ya kiasi hicho kwa miaka mingi iliyofuata. Maafisa wa ujasusi na polisi waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani ambazo kwa kawaida hatuwapi. Anayesema kwamba askari wetu warudi nyumbani kesho asubuhi ana wajibu wa kutueleza nani atakayeishika Kismayu kesho jioni.

Hata hivyo, tuitazame ramani ya misiba tangu 2011 kwa makini. Westgate, Septemba 2013, watu 67. Mpeketoni, Juni 2014, zaidi ya 60. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Baada ya hapo misiba haikukoma, ilisogea tu. Iliondoka katika maduka makubwa na hoteli za mji mkuu, ikaenda kukaa katika barabara za vumbi za Mandera, Garissa na Lamu, ambako bomu hutegwa chini ya barabara na gari la polisi likapita juu yake. Februari 2025, machifu watano walitekwa huko Mandera, wakakaa mikononi mwa watekaji hadi Aprili. Jambo la namna hiyo lingetokea Kiambu au Kakamega, nchi nzima ingesimama. Lilipotokea Mandera, magazeti yalilibeba siku chache, kisha yakarudi kwenye siasa za miungano ya vyama.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kinga tuliyoijenga ndani ya Somalia ilikusudiwa kulinda nchi, nayo imeulinda zaidi mji mkuu. Gharama yake ikaachiwa watu wa mpakani, ambao hawakuulizwa.

Wala watu hao hawakuanza jana kulipa gharama za usalama wetu. Miaka ya 1963 hadi 1967, wakati wa vita vya Shifta, Somalia ikilidai eneo lote hilo kuwa lake, serikali iliwakusanya wakazi katika vijiji vyenye ulinzi na kuwaua mifugo wao. Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalituliza mataifa mawili, lakini sheria za dharura ziliendelea kulitawala eneo hilo hadi mwaka 1991. Kati ya tarehe hizo mbili kuna Wagalla, Wajir, Februari 1984. Kwa mkazi wa huko, serikali ilimfikia ikiwa na bunduki kabla ya kumfikia ikiwa na chaki. Ndiyo sababu kuondoka kwa walimu mwaka 2015 na 2020 hakukuwa suala la utumishi tu. Mzazi aliona kile kidogo alichopewa na Jamhuri kikichukuliwa, huku vizuizi vya polisi vikibaki pale pale.

Na adui anafahamu hayo vyema kuliko wengi wetu. Mmoja wa washambuliaji wa Chuo Kikuu cha Garissa hakutoka Mogadishu. Alikuwa Mkenya, mwana wa chifu huko Mandera, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliyetajwa na serikali kuwa mpangaji wa shambulio hilo alikuwa amewahi kufundisha katika madrasa mjini Garissa. Yaani mwanafunzi wetu na mwalimu wetu. Hakuna kifaru kiwezacho kuwekwa Kismayu kikamzuia kijana wa namna hiyo. Angeweza kuzuiwa, ikiwa aliweza kuzuiwa kabisa, na mtu aliyekaa naye darasani.

Kiswahili chetu nacho kimetuponza kidogo katika jambo hili. Tunasema "sera ya kigeni" tukimaanisha sera inayohusu mataifa ya kigeni, lakini sikio la mwananchi husikia sera ambayo yenyewe ni ngeni, isiyomhusu. Wenzetu wa Tanzania husema "mambo ya nje", nalo si bora sana, kwani mpakani nje na ndani hazitengani kwa urahisi hivyo. Tulichukue suala la Jubaland. Kwa miaka mingi Kenya imemuunga mkono Ahmed Madobe, mtawala wa jimbo hilo, akiwa ndiye ngao yetu. Mwishoni mwa 2024 aligombana na serikali ya Mogadishu juu ya uchaguzi, vita vikazuka Ras Kamboni mwezi wa Desemba, na askari wa serikali ya Somalia wakakimbilia upande wa Kenya huko Lamu. Mwaka 2025 ugomvi huo ukahamia Bula Hawa, mji unaotazamana na Mandera kwa karibu mno. Viongozi wa Mandera wakalalamika hadharani kwamba wapiganaji wa Jubaland walikuwa wamevuka na kupiga kambi mjini mwao, karibu na shule, na kwamba wazazi waliogopa kuwapeleka watoto masomoni.

Katiba ya 2010 haikunyamaza juu ya jambo hili. Kifungu cha 240 kinasema kwamba Baraza la Usalama wa Taifa laweza, kwa idhini ya Bunge, kupeleka vikosi nje ya nchi, na kwa idhini hiyo hiyo kuruhusu vikosi vya kigeni kuwa nchini. Ikiwa wapiganaji wale walikaribishwa, basi waliokaribisha walipaswa kwanza kuja Bungeni. Ikiwa hawakukaribishwa, mpaka wetu ulikuwa umevukwa na watu wenye silaha, na jambo hilo lilistahili kauli nzito kuliko tuliyoisikia. Sioni njia ya tatu.

Tofauti yake ni suala la Haiti, ambalo angalau lilijadiliwa hadi likachosha. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kikosi hicho Oktoba 2023. Bunge letu likakubali Novemba. Januari 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa halina uwezo wa kuwapeleka polisi ng'ambo kwa kifungu kile, kwa kuwa kinahusu jeshi. Serikali ikatafuta mlango mwingine kwa kutia saini mkataba na Haiti mwezi wa Machi. Kundi la kwanza likatua Port-au-Prince Juni 25, 2024. Siku hiyo hiyo vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge, na KDF wakaitwa kuwasaidia polisi hapa nyumbani. Sitaki kuzidisha maana ya sadfa hiyo. Itoshe kusema kwamba nchi iliyotuma polisi wake umbali wa kilomita zipatazo 12,000 kurejesha utulivu ilikuwa haijawahi kuwahakikishia walimu ulinzi baina ya Rhamu na Lafey.

Jambo moja zaidi linahitaji kusemwa, hata kama halipendezi. Januari 15, 2016, kambi ya askari wetu ya El Adde ilishambuliwa. Hadi leo serikali haijachapisha idadi ya waliokufa. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alipotaja idadi ya karibu 180 au 200, msemaji wa jeshi letu aliikanusha, lakini hakutoa idadi yake. Familia zilizika watu wao, kila moja kwa wakati wake, katika makaburi yaliyotawanyika nchini kote. Sielewi ni siri gani ya kivita inayohifadhiwa kwa ukimya huo baada ya miaka yote hii. Taifa lisilojua limepoteza wangapi haliwezi kukaa chini na kupima kama kilichopatikana kilistahili.

Kipimo hicho kina haraka yake sasa. AUSSOM imeanza kazi bila fedha za uhakika. Juhudi za kuigharimia kwa michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa, kama ilivyotarajiwa chini ya Azimio nambari 2719 la Desemba 2023, hazikufua dafu mwaka 2025, Marekani ikiwa ndiyo mpinzani mkuu. Fedha zikikatika, askari wetu watarudi nyumbani au tutawagharimia wenyewe, na kwa vyovyote vile uamuzi utafanywa na watu wachache katika chumba kimoja, kama ilivyokuwa mwaka 2011, tusipodai vinginevyo.

Kifungu kile kile cha 240 kinalitaka Baraza la Usalama wa Taifa kuwasilisha Bungeni ripoti ya kila mwaka kuhusu hali ya usalama nchini. Ripoti hiyo husheheni takwimu za mashambulio, silaha zilizonaswa na washukiwa waliokamatwa. Napendekeza iongezwe sehemu moja, tena iwekwe mwanzoni: majina ya shule za Garissa, Wajir, Mandera na Lamu zilizofungwa au kukosa walimu kwa sababu za usalama, idadi ya watoto waliosajiliwa katika kila moja, na tarehe ambayo mwalimu wa mwisho aliondoka. Wabunge wanaopiga kura ya kuongeza muda wa askari wetu Somalia wasome kwanza ukurasa huo, kisha wamwite Waziri wa Ulinzi aueleze, shule baada ya shule, akianza na Kamuthe.