MTOTO ASHIBE NDIPO ASOME

Wakulima wenzangu, ukipita karibu na shule yo yote ya msingi saa saba mchana utajua mara moja kama pana chakula au hapana. Penye chakula utaona moshi jikoni, na watoto wamepanga mstari na sahani zao. Pasipo chakula utaona wengine wanakwenda mbio nyumbani, na wengine wamelala chini ya mti wakingoja kengele. Hao waliolala si wavivu. Waliondoka nyumbani alfajiri na kikombe cha chai ya rangi, na hata wakirudi hawatakuta cho chote, kwa sababu mama yuko shambani.

Wazee wengine husema, "Sisi tulisoma bila kulishwa shuleni, na tukafaulu." Ni kweli wako waliofaulu. Lakini tukumbuke pia wenzetu walioacha shule, wala hatukuuliza sababu.

Mimi naona mambo matatu yafaa. Kwanza, kila shule ya kutwa ipike chakula cha mchana. Pili, chakula hicho, kila panapowezekana, kitoke katika mashamba yetu wenyewe. Tatu, mtoto asinyimwe chakula kwa sababu ya deni la baba yake.

Jambo hili si geni katika Kenya. Mwaka 1979 Serikali ilianza kugawa maziwa ya bure mashuleni, na wengi wetu tunayakumbuka. Katika miaka ya 1990 maziwa hayo yakakatika. Mwaka 1980 Shirika la Chakula Duniani lilianza kulisha watoto wa shule za sehemu kavu. Mwaka 2009 Serikali ikaanza mpango wake, shule zikapelekewa fedha za kununua chakula karibu nazo, na mwaka 2018 shirika lile likakabidhi kazi yote kwa Serikali. Funzo lake ni hili: chakula kitokacho mbali chaweza kukoma siku yo yote. Kitokacho shambani mwako kitakuwako maadamu unalima.

Je, chakula huongeza akili kweli? Jambo hili limepimwa hapa hapa kwetu. Tangu 1998 hadi 2000, katika shule 12 za sehemu ya Kyeni, Embu, watoto wa darasa la kwanza waliwekwa katika mafungu manne. Fungu moja walipewa githeri yenye nyama, la pili githeri na maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta, na la nne hawakupewa kitu shuleni. Wale wa nyama waliwashinda wote katika mtihani wa kufikiri, wakapata misuli zaidi, na hata katika michezo walikuwa wachangamfu kuliko wenzao. Wale wa maziwa waliokuwa wafupi kwa kukosa chakula waliongezeka kimo.

Huko Busia nako, mwanzoni mwa miaka ya 2000, shule za chekechea 25 zilipewa uji wa asubuhi na nyingine 25 hazikupewa. Penye uji mahudhurio yalizidi kwa kiasi cha 30 kwa mia. Lakini angalieni jambo moja: alama za mtihani zilipanda pale tu ambapo mwalimu alikuwa na ujuzi wa kutosha. Uji haufundishi hesabu. Uji humleta mtoto na kumweka macho, na kazi iliyobaki ni ya mwalimu.

Sasa tupige hesabu, maana mkulima hawezi kukubali jambo asilolipima. Mtoto mmoja hutosheka na gramu 150 za mahindi na gramu 40 za maharagwe kwa siku, pamoja na mafuta kidogo na chumvi. Tukihesabu siku 190 za shule kwa mwaka, hiyo ni karibu kilo 29 za mahindi na kilo 8 za maharagwe. Yaani theluthi ya gunia la kilo 90, na gorogoro nne za maharagwe. Mtu aliyevuna magunia 10 akitoa theluthi moja ya gunia, ametoa sehemu moja katika 30. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena yafaa kutoa wakati wa mavuno, si wakati wa kufungua shule. Shule nyingi hudai fedha mwezi wa Mei, na sehemu nyingi za magharibi mwezi huo mahindi bado ni machanga shambani na ghala ni tupu. Mzazi hulazimika kuuza kuku wake kwa bei ya hasara. Kamati ya shule ipokee mahindi mara tu yanapovunwa, iyaandike katika daftari mbele ya watu, na kuyaweka penye kufuli.

Lakini msipeleke shuleni mahindi mliyoyakataa nyumbani. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 125 walikufa kwa sumu ya kuvu iliyoota katika mahindi yasiyokauka. Njia rahisi ya kupima ni hii. Tia punje chache katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha ngoja kidogo. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Na yenye kuvu yasiingie katika sufuria ya mtoto ye yote.

Halafu githeri peke yake haitoshi. Mahindi na maharagwe hujaza tumbo na kutia nguvu, lakini vitamini B12 hamna kabisa, na madini ya chuma yaliyomo mwili huyapata kwa shida. Nyama ya kila siku hatuiwezi. Lakini omena, mayai, na maziwa ya mbuzi au ng'ombe tunaviweza, hata kama ni mara mbili kwa juma. Kunde, terere na managu huota karibu na jiko la shule pakimwagwa maji ya kuoshea vyombo. Na chai isinywewe pamoja na chakula, kwa maana huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Sasa nataja jambo linaloniuma. Katika shule moja niliona watoto wakila, na wengine sita wamekaa kando ya ukuta wakitazama. Niliuliza, nikaambiwa wazazi wao hawajalipa. Basi deni ni la nani? Ni la mzee aliyeko nyumbani, lakini aliyeadhibiwa ni mtoto wa miaka minane. Baada ya chakula wote waliingia darasa moja kusoma hesabu moja. Hao sita walisikia nini? Kamati imfuate mzazi mwenyewe. Asiye na shamba alete kuni, ateke maji, au asaidie kupika siku zake. Na aliye nacho akataa kutoa, chifu na kamati wamwite mbele ya wenzake aeleze. Lakini sahani ya mtoto isiguswe.

Sisemi Serikali ikae kando. Turkana na Mandera mvua haitoshi mahindi, na huko hapana budi Serikali ilete chakula, tena kwa wakati, si katikati ya muhula. Lakini sisi tuliopewa mvua na udongo hatuna udhuru.

Basi msimu huu, kabla hujampigia simu mnunuzi wa mahindi, weka kando gunia moja kwa kila watoto watatu ulio nao shuleni. Andika jina la shule juu yake. Na kamati yenu ikiwa haijaanza jiko, nenda kwenye mkutano ujao wa wazazi, usimame, na uulize kwa nini.