Mama Mwenye Mimba Asingoje Kuumwa

Mama mmoja aliletwa kwetu kutoka Lubunga, akavushwa mto amelala ndani ya mtumbwi. Mimba yake ilikuwa ya kwanza, ya miezi minane. Siku tatu kichwa kilimwuma sana, na macho yakaona ukungu. Kisha kifafa kikamshika. Jamaa zake walikuwa wakiulizana, "Nani amemroga?" Mama alipona kwa shida. Mtoto alikufa.

Hakuna aliyemroga. Damu yake ilisukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi. Ndio ugonjwa watu wa mji wanaouita tansio.

Mimi nasema hivi: kosa letu kubwa ni kungoja maumivu. Mama husema, "Mimi ni mzima, nifuate nini hospitali?" Lakini tansio hukaa mwilini kimya. Wazee wetu walifundishwa neno hili zamani. Katika miaka ya 1920 daktari Chesterman na wauguzi wa Yakusu walitafuta ugonjwa wa malale vijijini. Hawakungoja watu washikwe na usingizi. Walipima hata wale waliojiona wazima. Tansio nayo itafutwe vivyo hivyo.

Mama yeyote aweza kuipata, hasa baada ya mwezi wa tano wa mimba. Lakini hawa wamo katika hatari zaidi:

1. Mwenye mimba ya kwanza.
2. Msichana asiyefika miaka 20, na mama aliyepita miaka 35.
3. Mwenye mapacha tumboni.
4. Aliyeshikwa na tansio katika mimba iliyotangulia, au ambaye mama yake au dada yake alishikwa nayo.
5. Mwenye tansio tangu kabla ya mimba, au ugonjwa wa sukari, au wa figo.
6. Mwenye mwili mnene kupita kiasi.
7. Aliyekaa miaka 10 au zaidi tangu kuzaa.

Mama, ukijiona hapa, usiogope wala usifiche. Mwambie mwuguzi siku ya kwanza. Kwa wengine daktari hutoa aspirini kidogo kidogo mapema katika mimba, nayo hupunguza hatari. Usijinunulie mwenyewe sokoni. Kila mara upimwe mkono na mkojo. Kipimo kikifika 140 juu, au 90 chini, hata kama huumwi, yafaa daktari akutazame. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri mama apimwe mara 8 katika mimba moja.

Nanyi akina baba, neno hili si la wanawake peke yao. Wekeni mapema fedha ya mtumbwi na ya pikipiki. Mkeo akiumwa sana na kichwa, au akiona ukungu, au akiumwa chini ya mbavu, au uso na mikono ikivimba ghafula, usingoje asubuhi, wala usiite kwanza baraza la ukoo.

Mwaka 2002 uchunguzi uliofanywa katika nchi 33 ulionyesha kwamba sindano ya magnesi hupunguza hatari ya kifafa hiki kwa nusu. Dawa ipo. Lakini sindano haivuki mto kumtafuta mgonjwa. Basi, mama, njoo ungali ukitembea kwa miguu yako.