Nafuta Kicheko Changu

Nilipokuwa Magarama, mjini Gitega, kwa jamaa aliyenipokea siku za matibabu, jioni moja niliwakuta majirani wakicheka. Habari ilikuwa ya wamisionari wa Kimarekani: eti familia nzima, baba, mama na watoto, inakaa Ufaransa mwaka mzima kujifunza lugha kabla ya kukanyaga Burundi. "Sadaka za watu zinaliwa kwenye theluji!" Nami nikacheka. Leo nafuta kicheko hicho, na ninyi mnaosoma hapa, wakimbizi wenzangu na wahudumu wa misaada, naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Habari yenyewe ni ya kweli. Madaktari waliofika na familia zao katika hospitali ya Kibuye, huko Gitega, mwaka 2013, walikuwa wamefanya kazi Tenwek nchini Kenya, kisha wakaenda Albertville, mji wa milimani kule Ufaransa. (Siyo Albertville yetu ya enzi za Mbelgiji, ile ambayo leo ni Kalemie.) Daktari mzima anakaa kwenye dawati, anasahihishwa kama mtoto wa shule. Walipofika Burundi wakaanza upya na Kirundi. Wala siyo mtindo wa jana. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliwaagiza watu wake wajifunze lugha ya wenyeji na kuitumia hata wao kwa wao.

Mtu anaweza kuikataa dini yao. Mimi mwenyewe nina maswali mengi juu ya wamisionari na wale waliofuatana nao. Lakini kwa jambo hili moja, wahudumu, wamewashinda.

Kuna mama, jirani yangu kambini, aliyezika mtoto. Wiki chache baadaye alikwenda kwenye kituo kimoja cha afya, akamwambia muuguzi mgeni, "Moyo unaniuma." Mkalimani, kijana mwenye Kifaransa cha darasani, akageuza neno kwa neno. Sasa, kwa Kifaransa anayeumwa moyo ni mtu mwenye kichefuchefu. Mama akarudi na vidonge vya kuzuia kutapika. Alinionyesha kiganjani, akauliza, "Hivi vinafanya kazi gani?" Nilishindwa kumjibu.

Msimlaumu kijana. Alifanya alichoweza. Na tazameni: muuguzi mwenye Kifaransa safi kabisa ndiye angepotea zaidi. Kwa hiyo hata ninyi wamisionari, msiishie Albertville. Kifaransa kinakufikisha ofisini. Kirundi kinakuingiza jikoni kwa Mrundi. Kwenye hema zetu unahitaji Kiswahili, tena kile chetu cha Kivu.

Mtaniambia: sisi ni watu wa dharura, mkataba ni wa miezi sita, mkalimani yupo. Sawa. Mwanzoni mwa 2025, maelfu ya watu walipovuka Ruzizi wakikimbia vita, hakuna aliyewaza sarufi. Watu walitaka maji na shitingi. Lakini kambi yetu hapa Muyinga ina vijana waliozaliwa humuhumu na sasa wana ndevu. Dharura gani hiyo inayoota ndevu? Mkataba wako wa miezi sita umefuata mwingine wa miezi sita, na mwingine kabla yake. Wote walijua kusema "jambo", na wote wakaondoka nalo.

Na sisi tusijifiche. Wapo Wakongomani wenzangu wenye miaka kumi Burundi ambao Kirundi chao kinaishia "amahoro" na "urakoze". Sokoni wananyoosha kidole, halafu wanalalamika wamepunjwa. Familia ile ilikuwa ugenini ikijiandaa. Sisi tuko ugenini tunasubiri tu, na miaka inakwenda.

Ninachodai si kikubwa. Hapa kambini wapo walimu waliofundisha miaka mingi kule Kivu, leo wanapanga foleni ya rasheni. Mwajirini mmoja. Saa moja kila jioni, wahudumu wakae kwenye benchi wafundishwe. Waanze na salamu, wafuate maneno ya mwili, kisha maneno ya msiba, maana hayo ndiyo yanayokosewa. Upande wa pili wa benchi, Mrundi atufundishe sisi. Pesa yake ni ndogo kuliko mafuta ya gari moja linalowaleta kila asubuhi.

Tena kuna jambo lingine mtalipata humo. Mtu anayekufundisha lugha yake hawezi kubaki namba kwenye orodha yako. Amekuwa mwalimu wako, utasimama akipita.

Tunaweza kuanza Jumatatu. Chaki tutatafuta wenyewe.