Anwani Iliyoombwa: Tuanzie kwa Dalali

Miongoni mwa mada za somo la kompyuta vyuoni mwetu, sijaona inayofundishwa juu juu kama hii: huduma ya mtandao itaijuaje anwani ambayo mwombaji aliiandika hasa? Wakufunzi wengi huwapa wanachuo mstari mmoja wa programu waunakili, na mambo yakaishia hapo. Mtindo huo naupinga. Mstari uo huo unaotoa jibu sahihi katika kompyuta ya darasani hutoa jibu jingine kabisa huduma inapohamishiwa kwenye seva.

Sababu ni kwamba mara nyingi ombi haliifikii huduma moja kwa moja. Hupokewa kwanza na seva ya mbele, yaani wakala, ambaye hulisoma, kisha huandika ombi jipya la kupeleka ndani. La nje lilikuja kwa https likitaja jina la tovuti. La ndani huweza kwenda kwa http tupu, likitaja localhost na mlango namba 8080. Huduma ikiulizwa imeombwa nini, hutaja anwani hiyo ya ndani. Ndipo mtu aliyesahau neno la siri hutumiwa kiungo kisichofunguka kwake.

Hapa Ruaha Mbuyuni zana ya kufundishia mada hii iko kando ya barabara kuu. Mnunuzi wa vitunguu aliyeko Dar es Salaam humpigia simu dalali. Dalali naye huenda shambani na maneno yake mwenyewe: leta magunia ishirini. Mkulima akiulizwa mnunuzi alitamka nini, atarudia maneno ya dalali, wala hasemi uongo. Maneno ya mnunuzi yatajulikana iwapo tu dalali aliyaandika kwenye karatasi akaileta. Wanachuo na waigize hivyo, watatu watatu, kabla ya kugusa kompyuta. Karatasi hiyo kwa wakala ni vichwa vya ombi: X-Forwarded-Host na X-Forwarded-Proto vilivyozoeleka, na Forwarded, kilichotolewa mwaka 2014 katika waraka wa RFC 7239.

Lakini karatasi yaweza kuandikwa na yeyote, na hili ndilo zito kuliko yote, ingawa ndilo linaloachwa. Wakala hana budi kufuta vichwa vya namna hiyo vinavyotoka nje na kuandika vyake. Huduma nayo ivipokee kutoka kwa wakala inayemjua tu. La sivyo, mhalifu ataandika jina la tovuti yake, na kiungo cha neno la siri kitampeleka mwenye akaunti mikononi mwake.

Wenzangu husema vipindi havitoshi. Maigizo haya hayazidi nusu ya kipindi.

Iko pia sehemu ya anwani inayofuata alama ya #. Kivinjari hubaki nayo, hakiipeleki kwa seva kamwe. Mwanachuo anayeitafuta ndani ya huduma aachwe aitafute dakika kumi hivi, kisha aulizwe ni nani aliyeibeba.