Pembeni Si Ukingoni: Lugha ya Maelekezo katika Kanuni ya Trapeza

Aghalabu mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi huishia kwenye orodha za istilahi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ni tunda jema la juhudi hizo. Hata hivyo, mwanafunzi anayeandika programu ya kukadiria intigrali maradufu kwa kanuni ya trapeza hakwamishwi na ukosefu wa majina. Hukwamishwa na neno la kawaida ambalo hakuna kamati iliyofikiria kulijadili, nalo ni "pembeni".

Na izingatiwe kanuni yenyewe. Mraba wenye upande wa 1 hugawanywa kwa mistari ya wima na ya mlalo. Thamani ya fanksheni hukokotolewa katika kila makutano, hupewa uzito wake, kisha jumla huzidishwa kwa eneo la kijimraba kimoja. Nukta ya ndani huguswa na vijimraba vinne, hivyo huhesabiwa nzima. Ile ya ukingoni huguswa na viwili, nayo huhesabiwa nusu. Ile ya kwenye kona huguswa na kimoja tu. Huhesabiwa robo, yaani nusu ya nusu.

Sasa mwalimu aandike: "Nukta za pembeni zihesabiwe nusu." Je, pembeni ni kwenye pembe, au ni kando? Anayeambiwa akae pembeni hatafuti kona ya chumba. Basi mwanafunzi huzipa nukta zote za mpakani uzito wa nusu. Fanksheni ikiwa 1 kila mahali, na kila upande ukigawanywa mara 10, jibu lililopaswa kuwa 1 huwa 1.01. Upande ukigawanywa mara 100, huwa 1.0001. Hapo ndipo penye hatari: kosa hili hupungua kwa kiwango kilekile ambacho kosa la asili la kanuni hupungua, yaani kwa mraba wa urefu wa hatua. Programu hulikaribia jibu sahihi, na mwenye kuiandika huamini kwamba kilichobaki ni ukadiriaji tu. Lau angezipa zote robo, angepata 0.91 katika mgawanyo wa 10, na pengine angeshtuka.

Wapo watakaosema kwamba muktadha hutosha kuondoa utata. Katika mazungumzo, naam; lakini kompyuta haina muktadha. Wengine watalikataa neno "kona" kwa kuwa asili yake ni Kiingereza, ilhali "pembe" ni letu. Hoja hiyo ni dhaifu. "Pembe" tayari imebeba mzigo wa jiometri, na ikipewa kiambishi cha mahali maana yake huteleza. "Kona" ina kazi moja, na inaifanya.

Vivyo hivyo, anayeandika "intigrali mbili" badala ya "intigrali maradufu" humwalika msomaji akokotoe mbili zilizo mbalimbali na kuzidisha majibu. Kwa fanksheni x + y juu ya mraba uleule, atapata 0.25 badala ya 1.

Sentensi inayofaa si ndefu: "Kila nukta ipewe uzito wa robo kwa kila kijimraba kinachoigusa." Sentensi hiyo haihitaji pembe, ukingo wala kona, na mwanafunzi anaweza kuigeuza kuwa kitanzi ndani ya kitanzi bila kuuliza. Kabla ya kuipa programu fanksheni ngumu, aijaribu kwanza kwa 1.