Mtumishi mpya apewe mwenyeji

Na Adelina Kokugonza

Kila zinapotoka ajira mpya za walimu na kada za afya, wilaya za Ngara na Biharamulo hupangiwa vijana. Wanaripoti, wanapelekwa vituoni, na haupiti muda barua za kuomba uhamisho zinaanza. Wakubwa husema vijana wa leo hawapendi vijijini. Sikubaliani nao.

Tazameni tunavyowapokea. Binti wa Mtwara anashuka Nyakanazi usiku, malori ya Rwanda na Burundi yakipita, hajui alale wapi wala bodaboda yupi wa kuaminika. Mshahara wa kwanza bado, posho ya kujikimu anaambiwa asubiri. Akifika zahanati anapangwa zamu ya usiku peke yake, na vitabu vya MTUHA, vya kuandikia taarifa za huduma, hajaelekezwa. Wenzake wanapopiga soga kwa Kihangaza au Kisukuma, yeye yuko kimya pembeni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunampa jembe siku anayofika, na shamba hatumwonyeshi.

Nyumba za watumishi ni muhimu, na Taasisi ya Benjamin Mkapa ilijenga kadhaa kwa watumishi wa afya wa pembezoni mwa nchi. Lakini nyumba husubiri bajeti. Mwenyeji hasubiri.

Kila shule, zahanati na ofisi ya kata imteulie mtumishi mpya mwenzake mmoja wa kumshika mkono kwa miezi mitatu. Ampigie simu kabla hajapanda basi. Ampokee stendi, amtambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji, amdhamini dukani achukue unga na mafuta hadi mshahara uingie. Zamu za mwanzo wakae pamoja. Mkuu wa kituo naye amwite kila mwezi amuulize nini kinamkwamisha.

Ukarimu tunao. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda waliingia Ngara kupitia Rusumo ndani ya saa 24 hivi, na wilaya ikawapokea. Tulichokosa kwa watumishi wetu ni utaratibu.

Wakurugenzi, lipeni posho ya kujikimu kwa wakati. Wakuu wa vituo, mteueni mwenyeji leo, kabla mtumishi anayefuata hajafika. Akiondoka, anayebaki bila mwalimu na bila muuguzi ni mtoto wa Ngara na mama wa Biharamulo.