Waliochumia Juani, Nani Kala Kivulini?

Likizuka suala la wanawake kupigana vitani, mabaraza yetu hugawanyika papo hapo. Mmoja atasema mwanamke ni pambo la nyumba, bunduki haimfai. Mwengine atajibu kuwa usawa ni usawa: mwanamume akienda vitani, mwanamke naye na aende. Marekani iliifuata kauli hii ya pili Desemba 2015, Ash Carter, aliyekuwa waziri wa ulinzi, alipotangaza kuwa kazi zote za jeshi, hata za mstari wa mbele, zitafunguliwa kwa wanawake. Wengi wakaona maneno yamekwisha. Mimi naona ndiyo kwanza yameanza, na shahidi wangu hatoki Marekani. Yuko karibu nasi, kwenye Bahari ya Sham.

Kabla ya kwenda huko, tuondoe dhana moja. Wako wanaodhani mwanamke kushika silaha ni jambo la kuletwa na Wazungu. Hasha! Aliyesoma Sira chuoni anamjua Nusaiba binti Kaab, Ummu Umara, aliyekwenda Uhud na kiriba kuwanywesha maji wapiganaji. Watu walipotawanyika, alishika upanga akamkinga Mtume (s.a.w.), hata akajeruhiwa vibaya begani. Masheikh wetu humtaja kwa sifa, si kwa lawama. Basi tusiulizane kama mwanamke aweza kupigana. Tuulizane, vita vikiisha, arudi na nini?

Waeritrea walipigania uhuru wao kutoka Ethiopia miaka thalathini, tangu 1961 hadi 1991. Katika EPLF, chama kilichoshinda vita hivyo, karibu thuluthi ya wapiganaji walikuwa wanawake, Waislamu kwa Wakristo. Hawakuwa wauguzi tu. Walikaa mahandakini, wakaendesha vifaru, wakaongoza vikosi. Massawa, bandari yenye nyumba za mawe ya matumbawe kama za Lamu na Mombasa, ilipotekwa Februari 1990, wanawake walikuwamo. Na huko mahandakini mwanamume alipika na kufua kama mwanamke. Mwaka 1977 chama kilitunga sheria ya ndoa: asiozwe mtoto, wala mtu asiozwe kwa nguvu. Wako wasichana waliotoroka kwao wasiozwe, wakajiunga na wapiganaji.

Mei 1991 waliingia Asmara kwa vifijo na vigelegele. Miaka iliyofuata, serikali mpya ilipunguza jeshi, na wapiganaji zaidi ya 50,000 wakarudishwa uraiani, wanawake maelfu miongoni mwao. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Ndoa nyingi za vitani zilivunjika. Mume aliyekuwa akisonga ugali handakini, alipofika kwa mamake aliambiwa: mke gani huyu, hana haya, amelala porini na wanaume, na kwao hatukujui. Akamwacha, akaoa binti mwengine asiyewahi kugusa risasi. Yule aliyeipa nchi ujana wake akabaki na watoto, hana kazi, na ufundi alioupata vitani haukupata wa kuununua.

Wala si kwamba sheria hazikuandikwa. Sheria ya ardhi ya 1994 ilimpa mwanamke haki sawa na mwanamume. Lakini sheria ilikaa mjini, na mavyaa alikaa nyumbani.

Kisha likaja la pili. Sheria ya 1995 iliwalazimisha vijana wote, wa kike na wa kiume, kutumikia jeshi, na tangu vita vya mpaka na Ethiopia vya 1998 hadi 2000 utumishi huo ukawa hauna mwisho. Mwaka 2015 tume ya Umoja wa Mataifa ilieleza jinsi wasichana walivyodhalilishwa kambini na makamanda wao. Wazazi wakaanza kuwaoza binti zao mapema ili wasichukuliwe. Zingatia hayo, msomaji: mama alikimbilia jeshini asiozwe, binti yake akaozwa asiende jeshini.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawa walichumia juani. Kivulini wakala wengine.

Nasi Kenya tunayo ya kujivunia. Kikosi cha peke yao wanawake kilivunjwa, wakachanganywa na wenzao. Fatuma Gaiti Ahmed akawa mwanamke wa kwanza kufikia cheo cha Meja Jenerali mwaka 2018, na 2024 akakabidhiwa Jeshi la Anga. Hongera yake. Lakini cheo cha mmoja kisitufumbe macho. Usawa haupimwi kwa bunduki aliyopewa mwanamke siku nchi ilipomhitaji; hupimwa siku haimhitaji tena: fungu lake la mirathi analipata? Akiachwa, watoto wanalishwa na nani?

Yasimuliwa kuwa Mtume (s.a.w.), baada ya Uhud, hakuingia nyumbani kwake mpaka alipotuma mtu kumjulia hali Nusaiba. Wangapi kati yetu wamewahi kuwatumia mtu waliotupigania?